Mbegu Zilizochemshwa

Mwezi uliopita nilimpeleka mama mmoja mzee kwa daktari wa macho huko Clintonville, mtaa wa mji wetu wa Columbus. Ndiyo kazi yangu siku hizi: natunza wazee katika nyumba moja ya Hilliard, nawaogesha, nawavisha, nawasukuma kwenye viti vyao vya magurudumu. Pale pa kusubiri, mezani, walikuwa wameweka chombo cha maua chenye matawi makavu ya pamba. Pamba yenyewe, na mbegu zake ndani, imewekwa kwa urembo. Nilimwomba binti wa mapokezi aiondoe. Akacheka, akadhani natania. Nikarudia, safari hii bila tabasamu, naye akaibeba hadi chumba cha nyuma huku akinitazama kwa pembe ya jicho. Sikuona haya. Katika ukoo wetu hatukai chumba kimoja na pamba.

Nyinyi mliokua kama mimi, mkiwatafsiria wazazi wenu barua za shule na bili za umeme kabla hamjajua kugawanya, mtanielewa upesi. Wengine itawabidi mnivumilie kidogo.

Pamba tuliichukia kwa sababu ya Koko. Koko alikuwa mama wa mama yangu, na tuliishi naye Louisville, ghorofa ya pili ya nyumba ndefu ya matofali iliyonuka ndagala, dagaa wa kwetu, na mazulia ya watu waliotutangulia. Tulikuwa wanne: Koko, Mama, mimi mwenye miaka minane, na mdogo wangu Amani, aliyekuwa na miaka miwili na kitovu kikubwa. Baba tulimzika Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, kabla Amani hajazaliwa. Mimi nilipewa jina la mama yake Koko, Nabintu, na kwa sababu hiyo Koko hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Mama. Alinituma chumvi akiniita Mama, alinichapa kandambili za matako akiniita Mama. Watoto wa majirani walicheka. Mimi nilivimba kichwa.

Siku moja tulikwenda duka la vitu vya nyumbani kutafuta pazia. Koko akasimama ghafla mbele ya ndoo yenye matawi ya pamba, yanauzwa kama maua. Alichomoa mbegu moja, akaitia kinywani, akaing'ata, akaitemea kwenye kiganja.

"Hii ni mbichi," akasema. "Batu ya hapa banauzisha hata taabu."

Jioni hiyo, tukichambua maharagwe, alitusimulia tena habari za Nabintu wa kwanza. Wakati wa Wabelgiji, serikali, ambayo watu waliiita Leta, ililazimisha kila nyumba ya kwao kulima pamba. Moniteri wa kilimo, yaani bwana shamba wa Leta, alikuja na kamba yake, akapima shamba, akagawa mbegu, na asiyepanda alichapwa kiboko. Pamba hailiwi. Ukilima pamba, mahindi yanakosa mkono wa kuyapalilia. Basi Nabintu akafanya hesabu zake. Alichukua mbegu za Leta, akazitia chunguni, akazichemsha mpaka zikafa, akazianika, halafu akazipanda mbele ya macho ya moniteri, mistari imenyooka, shimo kwa shimo. Hakuna kilichoota. Wanawake wengine wakajifunza. Misimu miwili moniteri alitikisa kichwa na kulaumu udongo.

Koko alipofika hapo alicheka mpaka akajifuta macho. Alimwigiza moniteri akichutama, akichimbua mbegu kwa kidole, akiinusa. Nasi tulicheka. Kisha hadithi iligeuka: askari walikuja asubuhi moja, wakaenda moja kwa moja jikoni kwa Nabintu, wakachukua chungu. Alihukumiwa. Walimfunga kamba kiunoni pamoja na wanawake wawili, wakawateremsha hadi ziwani, wakapanda meli, halafu gari-moshi, halafu lori, akapelekwa mbali kabisa, mahali ambapo hakuna aliyejua lugha yake, akae huko akilimia Leta mpaka Leta ichoke. Koko, mwenye miaka sita, aliachwa kwa shangazi yake.

"Nani aliwaambia?" niliuliza kila mara.

"Muntu."

"Muntu gani, Koko?"

"Muntu tu, Mama. Angalia maharagwe yako."

Majira hayo Amani akashikwa na degedege. Hospitali walimpa dawa ya maji ya kushusha homa, wakaturudisha nyumbani. Siku ya tatu ikamrudia: macho juu, meno yamebana, mwili mgumu kama ubao. Ilipomwachia, Mama alifungua sanduku, akatoa kifuko cha dawa nyeusi alichokibeba kutoka kambini, akachemsha wembe mpya, akamlaza Amani mkekani. Alimchanja chale tatu kila upande wa mbavu, ndogo, za haraka, akapaka dawa iliyochanganywa na mawese. Mimi nilishika miguu. Bado naisikia harufu ile, mawese na majivu na chuma cha moto, na namsikia Amani akipiga kelele, kisha akilala usingizi mtulivu juu ya goti la Mama. Hakushikwa tena. Leo, na cheti changu cha utunzaji wa wagonjwa, najua homa ingeshuka yenyewe. Wakati ule niliona kwa macho yangu mama yangu akimfufua mtu.

Mimi pia nina chale za bandama tumboni. Mama mwenyewe anazo. Mama Safi, jirani yetu wa chini na rafiki wa Mama wa kanisani, alimwogesha Amani wiki ile, akaziona, akasema tu kwamba mkono wa Mama ni mwepesi.

Basi shuleni mwalimu akatuambia tuchore mtu anayesaidia wengine. Wenzangu walichora zimamoto. Mimi nilimchora Mama na wembe, Amani na mistari myekundu sita, na mimi mwenyewe nimeshika miguu, nikijichora mkubwa kuliko nilivyokuwa. Mwalimu aliitazama karatasi muda mrefu. Nikajua nimewashinda wote.

Kesho yake niliitwa kwenye chumba chenye viti vidogo. Kulikuwa na mwanamke mwenye nywele za kijivu na sauti laini, mchoro wangu uko mbele yake. Akaniuliza mama yangu anafanya hivi mara ngapi. Anatumia nini. Alijifunza wapi. Je, amewafanyia watoto wengine? Na mimi, jamani, nilifurahi. Mama alikuwa amepoteza kazi ya kufungasha masanduku ghalani, na kila wiki nilikwenda naye kumtafsiria kwa waajiri, na maswali yao yalikuwa hayo hayo: una uzoefu gani, ulijifunza wapi, miaka mingapi. Mama alitaka sana kazi ya hospitali, maana kambini aliwasaidia wakunga. Nikaona huyu mama ametumwa na hospitali. Nikajipanga. Nilimwambia Mama ni hodari, hatetemeki. Nikaongeza chumvi: amewachanja watoto wengi, wengi sana, hata mimi hapa, angalia. Nikapandisha blauzi. Aliandika kila kitu. Mwishoni akasema kesho atakuja nyumbani, akanipa stika ya nyota ya dhahabu, akanibandikia kifuani kwa mkono wake.

Sikuwaambia nyumbani. Nilitaka iwe zawadi. Nilimwambia Mama tu kwamba kesho avae kitenge chake cha kanisani, kuna mgeni anakuja.

"Mugeni gani?" akacheka.

"Utamwona."

Akakivaa, kunifurahisha. Kile cha bluu chenye ndege. Yule mama wa sauti laini akaja na polisi wawili, na ndicho kitenge alichochukuliwa nacho. Mama aliinua shati la Amani mwenyewe, akawaonyesha vidonda vimepona vizuri, akiwatazama mmoja mmoja kama anasubiri wamsifu. Nilisimama mlangoni nikitaka kutafsiri, lakini Kiingereza chote kilinitoka. Walimchukua na Amani pia, kila mmoja gari lake.

"Ni nani alisema?" Mama aliuliza akiwa ngazini, kwa Kiswahili, bila kumwelekea mtu. "Donc ni nani alibaambia?" Kisha akatazama mlango wa chini. "Mama Safi. Ni yeye tu alimuonaka."

Koko alikuwa amekaa sakafuni. Hakumtazama Mama wala polisi. Alinitazama mimi, kifuani, pale penye nyota niliyoibandika tena asubuhi.

"Alikupatia nini?" akaniuliza polepole.

Niliibandua stika nikaikunja kiganjani mpaka ikawa kidonge.

Kwetu milimani, mtu aliyekosa huitwa mbele ya wazee. Akikiri, akisema yote bila kuficha, mzee mmoja husema neno limeisha, watu wananawa mikono, wanakula pamoja, na hakuna anayeruhusiwa kulitaja tena. Mama alikwenda kwa jaji na desturi hiyo moyoni. Wakili alimwomba anyamaze. Mama akakiri. Alikiri hata chale zangu, hata za watoto wa kambini, na akamwambia jaji kwamba Amani akiugua tena atamchanja tena, kwa sababu ukikiri nusu hujakiri. Mjomba wangu, kaka yake Mama, alikuwepo. Alisema Mama alipomaliza kusema alibaki amesimama, amekunja mikono, anamngoja jaji aseme limeisha. Jaji alisema miezi minane, na karatasi za Mama zikaenda kwa watu wa uhamiaji.

Mjomba alifanya kazi ghalani Columbus, akatuchukua. Tulirudishiwa Amani baada ya miezi miwili, ananuka sabuni ya watu wengine, anamwogopa Koko. Alimtafuta Mama chini ya vitanda. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Alikuwa akiinama, anainua shuka, anachungulia, halafu anakwenda kitanda cha pili.

Mimi niliacha kusema. Sikuamua, asubuhi moja tu niliona kwamba mdomo wangu unaondoa watu, nikaufunga. Shule mpya walidhani sijui Kiingereza, wakaniweka na watoto waliofika juzi. Mama alipiga simu kutoka jela kila Jumamosi, Mjomba anaweka sauti juu, na kila Jumamosi maneno yalikuwa yale yale.

"Mama Safi alinimaliza. Tulikula sahani moja. Bon, Mungu anaona."

Na Mjomba aliyapeleka maneno hayo kanisani, na kanisa la Columbus likawapigia watu wa Louisville. Tulisikia wanawake hawamsalimii tena Mama Safi. Tulisikia amekaa peke yake kwenye benchi. Tulisikia mume wake anatafuta nyumba mji mwingine. Nililisikia hilo nikiwa na kijiko mdomoni, nikameza, nikaendelea kula. Miaka minane, na nilikuwa tayari mtu mbaya. Sioni sababu ya kulipamba.

Kifungo kilipoisha Mama hakuja. Walimhamisha. Kwanza gereza moja, halafu jingine, kila mara kwa basi, amefungwa mikono na kiuno, na kila mara tulijua baadaye. Mwisho alifikishwa kwenye kituo cha wahamiaji karibu na Buffalo. Koko alipoambiwa, aliuliza kama kuna meli huko. Mjomba akadhani uzee umemchanganya. Mimi nilijua anafikiria njia ya mama yake: meli, gari-moshi, lori. Majira ya baridi yakaingia, ndipo simu ikaja: Mama atapandishwa ndege kwenda Kinshasa, kurudishwa kwao. Mama yangu hajawahi kukanyaga Kinshasa. Hajui Kilingala. Kutoka kwetu hadi Kinshasa ni mbali kiasi kwamba watu wa kwetu wengi hufa bila kuiona. Ruhusa ilikuwa ya kumtembelea mara moja tu.

Tulikwenda kwa gari la Mjomba, theluji pande zote, Amani akitapika kiti cha nyuma. Tulifikia kwa familia moja ya kwetu, mume na mke wanafanya kazi kiwandani, watu wazuri ambao walituachia kitanda chao. Asubuhi, Mjomba alipowasha gari, mimi nilijifungia bafuni. Nilisema tumbo linauma. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa wiki nyingi, na yalikuwa uongo. Sikuweza kwenda. Ningemwangalia usoni vipi, akisema Mama Safi, Mama Safi, na mimi niko mbele yake?

Koko alimwambia Mjomba asubiri. Nikasikia magoti yake yakilia anapokaa chini, upande wa pili wa mlango.

"Mama," akasema, "ule moniteri, unajua alinipatiaka nini?"

Nikalikaza bomba nimsikie.

"Sukari. Kipande moja, nyeupe, ya mzungu. Sikuonaka sukari mbele ya ile siku. Akaniuliza, mama yako anapikaka nini? Nikamwambia, anapikaka mbegu. Nilisema kwa furaha, Mama. Nilifikiri atamupongeza. Ni miye njo nilisemaka."

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Bomba lilidondosha matone. Koko aliendelea kwa sauti ile ile, sauti ya kuchambua maharagwe.

Mama yake alirudi baada ya Uhuru, Koko ameshaolewa. Alirudi bila meno ya mbele, anachanganya lugha tatu, hajui shamba lake liko wapi. Koko alimweka nyumbani kwake, akamlisha, akamwogesha. Na kila jioni Nabintu alikaa kwenye kigoda, akahesabu majirani kwa vidole: labda ni huyu, labda ni yule. Mwisho alimchagua mmoja, mjane aliyepakana naye shamba. Akamchukia mpaka chakula chake akakikataa, mpaka watoto wake akawatemea mate. Koko alikuwa akisonga ugali palepale, anasikia.

"Miaka kumi na mbili nilisikia," akasema. "Alikufa anachukia mutu wa bure. Na ule mujane naye alikufa. Nilikuwa na mdomo, Mama. Kila siku nilikuwa nayo. Sasa fungua."

Nilifungua.

Mama alikuwa amevaa nguo za rangi ya machungwa zilizomzidi, nywele amesukwa na mtu asiyejua. Kati yetu palikuwa na kioo, na simu moja kila upande. Mjomba aliongea, Koko aliongea, Amani alikipiga kioo kwa kiganja kisha akamkana Mama, akaficha uso kwenye koti la Mjomba, na nilimwona Mama akilitazama koti lile. Nikapewa simu. Ilikuwa na joto la sikio la Koko. Nilimwambia kwa Kiswahili, maana Kiingereza ndicho nilichomuuza nacho.

"Mama, si Mama Safi. Ni mimi. Nilichora. Nikamwambia yule mama. Nilidhani anakupa kazi."

Midomo yake ilifunguka, ikajifunga. Alitazama pembeni, kwa askari, kama anayeomba aondoke kidogo. Nilisikia pumzi yake kwenye simu, ndefu, inakwama, na nikajua nimempoteza mara ya pili.

"Kile kitenge," akasema hatimaye. "Njo sababu uliniambia nivae kitenge?"

"Ndiyo."

Akaufunika uso wake kwa mkono mmoja. Mabega yake yalitikisika, na mpaka leo sijui kama alicheka au alilia. Alipoutoa mkono, uso ulikuwa umelowa wote.

"Umesema yote? Haukubakisha?"

"Yote. Na nyota walinipa."

"Bon." Aliweka kiganja kwenye kioo. "Neno imeisha, mutoto wangu. Unasikia? Imeisha. Rudi ukule. Na uncle apigie Mama Safi leo, asingojee kesho."

Simu ikakatika kabla sijajibu. Siku ya nne wakampandisha ndege. Yuko Kinshasa mpaka sasa, anauza mikate mbele ya nyumba ya mtu, na Kilingala chake watu wanakicheka. Jumapili humpigia Mama Safi kwanza, halafu sisi. Sijamgusa tangu siku ile ya kitenge cha bluu.

Lakini mchana ule, Buffalo, tuliporudi, wenyeji wetu wako kazini, Mjomba ametoka na Amani, tulibaki mimi na Koko jikoni. Nilikuwa nakula. Nilikula kama mtu aliyefunga mwaka mzima, ugali na sombe, kisamvu cha jana, kwa mikono miwili. Koko alinitazama bila kuvua koti.

"Alikuambia imeisha?"

"Ndiyo, Koko."

"Bon. Iko vizuri. Na miye? Miye nitaambia nani?"

Akavuta kiti chake kikaja mbele ya changu, magoti yake yakagusa yangu, akavua kitambaa cha kichwa, jambo ambalo hakulifanya mbele ya watu. Nywele zake zilikuwa chache, nyeupe kabisa. Akaniita kama alivyoniita siku zote, ila sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu mdogo sana.

"Mama," akasema, "ni miye njo nilisemaka. Alinipatia sukari."

Niliifuta mikono yangu kwenye sketi. Nilikuwa na miaka tisa kasoro kidogo, na sombe mdomoni.

"Neno imeisha, mutoto wangu," nikamwambia.